Bunduki Iliyofikiri Kwanza

Madinat Sultan Qaboos, Maskati
4 Februari 2024

Baba yangu Mzee Elikana,

Shikamoo. Kama umesimama, tafuta kigoda. Kama umekaa, shika kitu. Mimi mwanao Gabrieli ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kutoka Ipole, na ninasema hivyo nikiwajua wale wawili waliopata udiwani. Wao walichaguliwa na watu. Mimi nimechaguliwa na bahati yenyewe, bila kampeni, bila kugawa kanga.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu masikio yako yameigomea simu. La kulia liliondoka na mlio wa Subira, ile bunduki ya babu, la kushoto likaondoka na kwinini. Basi nimeandika, nimepiga picha karatasi, Restituta ataichapisha pale dukani Sikonge na kukuletea pamoja na sukari. Dunia imeendelea, Baba. Barua inaruka bahari kwa sekunde, halafu inapanda pikipiki ya dada siku nzima.

Nilikuambia naendesha gari la Mzee Saeed bin Jaifar. Hiyo ilikuwa zamani, mwezi wa kumi. Sasa nimepanda cheo: natunza bunduki zake. Usishtuke, hakuna vita. Ni bunduki za kale, zina vibali vyake, na nyumba nzima hakuna risasi hata ya dawa. Kazi iliyozibakia ni kukumbuka tu.

Zinakaa majlisi, sebule ya wageni, chumba kirefu chenye zulia jekundu. Mchana, jua la huku likipiga mpaka kunguru wanaamua kutembea kwa miguu, mle ndani kuna ubaridi na harufu ya ubani, na sabini na mbili zimelala ukutani. Ukitulia baada ya chakula, naapa, unazisikia zinapumua. Kuna za utambi, ndefu kuliko mimi, zimevishwa pete za fedha mtutu mzima kama mkono wa bibi harusi. Kuna fimbo ya kutembelea, ukizungusha kichwa chake kumbe ni bunduki; mwenyewe aliitembelea maisha yake yote na watu wakidhani anaumwa goti. Kuna bastola yenye mitutu minne iliyotawanyika kama mguu wa bata. Mzee anasema ilikuwa ya nahodha aliyewaogopa mabaharia wake. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni mwalimu wangu wa darasa la sita. Hajui nani kapiga kelele, anachapa darasa zima." Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Tangu siku hiyo nikawa mtu wake.

Sheria yake ni moja: usizipendezeshe. Fundi mmoja alimng'arishia bunduki kwa msasa, ikawaka kama sufuria la dukani. Mzee akaitazama akasema, "Umeniulia." Maana kutu ndiyo umri wake. Unapangusa kwa kitambaa, tone moja la mafuta, khalas. Mkwaruzo mmoja mpya unaua miaka mia.

Sasa shika kigoda vizuri. Katikati ya ukuta, juu ya pale anapokaa mzee mwenyewe, imetundikwa moja isiyo na fedha wala pete. Gumegume, ile ya jiwe na cheche, maskini kuliko zote. Nilipoishusha kuipangusa, mkono wangu uliijua kabla ya macho. Ule uzito wa mbele. Kile kibonde kwenye kitako pale shavu linapolala. Baba, ni Subira. Subira wa babu! Yule ambaye ukimvuta anafikiri kwanza, swala anamaliza kula, anawaaga wenzake, ndipo mlio unatoka.

Mzee aliinunua Tabora mwaka tisini na tisa, alipokwenda kuitazama nyumba aliyozaliwa. Aliuziwa na mtu wa nta mwenye baiskeli. Basi mwambie Baba Mkubwa Yassin: Subira hakunywewa pombe. Subira yuko Maskati, anakaa kwenye kiyoyozi, anafukizwa ubani, na mpangusaji wake ni mjukuu wa mwenyewe. Bahati gani tena?

Mwanao,
Gabrieli


Ipole, Sikonge
19 Februari 2024

Mwanangu Gabrieli,

Marahaba. Barua imefika na sukari. Sukari ilikuwa ya kweli.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka pale pa mwalimu. Mara ya pili sikucheka.

Unajua yote, lakini acha tuyaandike. Mwaka tisini na nane kaka yangu Yassin alikwenda kufanya kazi Mpanda, akaniachia Subira kwa sababu bunduki ya baba haihamihami. Aliporudi haikuwepo. Akasema nimeiuza nikanywa pombe. Mimi ni Mmoraviani, sinywi, lakini mwenye hasira hachagui dhambi. Sikumjibu. Miaka ishirini na sita hajakanyaga uani kwangu. Alipofiwa na mkewe nilisimama nje ya ua wake kama mtu aliyekuja kuuza chumvi, nikaondoka bila kutoa pole.

Sasa moyo wake umechoka, miguu imevimba. Restituta alimsomea barua yako. Akasema, "Gabrieli ni muongo tangu ziwani kwa mama yake." Kisha akasema, "Lakini alama haiwezi kudanganya."

Anasema kweli. Babu yako aliichoma alama ya mizinga yetu chini ya kitako. Kwato ya swala, nusu mwezi mbili zinazotazamana. Unajua nguvu ya alama ile. Mzinga wetu ukiokotwa hata msitu wa Inyonga, unarudishwa bila kesi na asali yake ndani.

Geuza kitako utazame. Ikiwepo, leta picha. Isipokuwepo, andika haipo. Nimeshazoea.

Baba yako,
Elikana


Madinat Sultan Qaboos
27 Februari 2024

Baba,

Ipo.

Nilitaka niishie hapo, neno moja, kama mtu mkubwa anayejiheshimu. Nimeshindwa. Acha nikusimulie.

Leo baada ya adhuhuri nyumba nzima ililala. Huku kulala mchana ni ibada ndogo: mzee analala, binti yake Lujain analala, paka analala juu ya gari, hata bomba la maji la jirani linakoma kudondoka. Nilikuwa macho peke yangu. Nikafukiza ubani kidogo, maana jikoni kulikuwa na harufu ya kuungua. Nikaingia majlisi bila viatu. Mwanga ulikuwa unapita kwenye pazia ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, na zile bunduki zote zikawa kama watu wanaojifanya wamelala ili wasikie mtoto anaiba nini.

Nikamshusha Subira. Nikamlaza mapajani. Nikageuza kitako. Na ile kwato ikanitazama, Baba. Miezi miwili inayotazamana, sawasawa na ile ya mzinga wa kwanza ulionipa nilipokuwa na miaka tisa. Niliishika kwa kidole. Nilikuwa na usingizi au sikuwa nao, sijui, ila nilisikia maji. Maji mengi, ya kahawia, yanapita polepole juu ya kitu kirefu kilicholala chini, na samaki wadogo wanaingia mdomoni mwake na kutokea kwenye jiwe. Nikashtuka. Nadhani ni kiyoyozi.

Picha hiyo hapo. Imetoka na ukungu kidogo kwa sababu niliipiga haraka kwa furaha. Mwonyeshe Baba Mkubwa. Mwambie muongo wa tangu ziwani anamsalimu.

Halafu mwambie hivi, na umwambie kwa sauti kubwa ingawa mwenyewe hutaisikia: Elikana hakuuza kitu.

Sitaongeza neno. Nina kazi nyingi. Wiki hii nampeleka mzee Wattaya, wauza magari wa kule wakiniona wanasimama wakidhani nakuja kununua, na mimi siwavunji moyo.

Gabrieli


Ipole
17 Machi 2024

Mwanangu,

Amekuja.

Alikuja kwa miguu yake ile, akisimama kila mwembe wa njiani. Mimi sikumsikia, nilikuwa nachonga mzinga. Niliona kivuli kwenye gome. Nilipoinua kichwa alikuwa anasema maneno mengi na machozi yanashuka, na mimi sisikii hata moja. Nikamwonyesha sikio. Akachukua kijiti akaandika mchangani: NISAMEHE. Mkono wake wa kuandika ni mbaya, alikimbia shule mapema kama wewe. Nikafuta kwa mguu, nikaandika: KAA.

Tulikaa mpaka jua likahama. Tulikula ugali na asali ya mwaka jana. Alikuwa ananiandikia mchangani na mimi namjibu kwa mdomo. Ameniuliza kama namkumbuka baba alivyokuwa anamsemesha Subira kabla ya kushindilia baruti. Nikamwambia namkumbuka. Alikuwa anasema, "Bibi, leo usiwaze sana."

Sasa anakuja kila siku. Amehamishia mkeka wake kwangu. Mganga wa zahanati amesema moyo umetulia kidogo. Mimi sijui mambo ya moyo, ila najua rangi ya kucha zake imerudi.

Picha ameiweka ndani ya msahafu wake. Mimi yangu iko ndani ya Biblia. Subira anasali pande zote.

Ameanza kuulizauliza watu habari za yule mtu wa nta mwenye baiskeli. Nimemwambia aache, yameshapita. Hajaacha.

Mungu akubariki.
Baba yako,
Elikana


Maskati
22 Ramadhani 1445, sawa na 2 Aprili 2024

Kwa ndugu yangu Mzee Elikana,

Assalamu alaykum, na kwa dini yako pia nakutakia amani hiyohiyo. Mimi ni Saeed bin Jaifar, ambaye mwanao Gabrieli ananifanyia kazi na kunichekesha, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Barua hii nimempa binti yangu Lujain aipeleke kwa bintiyo, kwa sababu kila nikimwambia Gabrieli aipeleke anasema mtandao umekatika.

Ndugu yangu, nna khabari ambayo labda unayo. Mwezi wa pili niliamka kabla ya wakati, nikaingia majlisi, nikamkuta mwanao amekaa chini na gumegume langu la katikati mapajani, simu mkononi, ameiinamia. Nikadhani ameivunja. Nikamwambia, "Weye, una nini?" Akanitazama kama mtu aliyeamshwa ndotoni. Akanieleza yote: baba yake, ammi yake, alama ya mizinga. Akanigeuzia kitako.

Wallahi nilikaa chini. Miaka ishirini na tano nnaitazama bunduki ile, naizungumza kwa wageni, naipokea kwa mikono miwili, na sikuiona alama ile hata siku moja. Jicho la mwenye kitu limejaa kitu chenyewe, halioni ya mwenziwe. Lujain alikuja akainusa, akasema, "Baba, mbona alama hii inanukia moto?" Nikamwambia, mwanangu, moto wa kuchomewa jina haupoi.

Nitakwambia siri ya sisi wakusanyaji. Hatuulizi. Nilipoinunua Tabora mwaka ule sikuuliza muuzaji jina lake, wala aliipata wapi. Niliogopa jibu. Nilizaliwa Tabora, nikatolewa huko nna miaka tisa, nikataka kitu kimoja cha huko nikitundike juu ya kichwa changu ili nikilala mchana niote harufu ya mvua ya kule. Na nimeiota, ndugu yangu. Mara nyingi. Naona njia ya miembe, na baba yangu anafungua duka, na mimi mdogo. Sasa najua nilikuwa naota kwa bunduki ya watu.

Na wazee wangu walichukua mengi kule kwenu, mengine hayasemeki kwa kalamu. Mimi siwezi kuyarejesha. Hii naweza. Nimeshaanza kuomba vibali, vya huku na vya kwenu. Vitachukua miezi, lakini nnaijua milango ya kugonga. Itarudi ukutani kwako kabla sijafa, inshallah. Mimi nitabakisha pengo pale katikati, nimelizoea tayari. Ni pengo zuri.

Ndugu yako,
Saeed bin Jaifar


Madinat Sultan Qaboos
5 Aprili 2024

Baba,

Haraka haraka. Nasikia mzee amekuandikia. Ni mtu mwema sana lakini amefunga, na mtu aliyefunga siku ishirini na mbili huahidi vitu vikubwa.

Nakushauri kama mtaalamu: msiipokee. Kwanza, vibali. Pili, hali ya hewa. Bunduki iliyozoea kiyoyozi ukiileta Ipole kwenye masika itapasuka kitako, ni jambo la kisayansi. Tatu, mtaiweka wapi? Mchwa wa Ipole wamekula mlango wa kanisa. Nne, mzee ataumia. Juzi nilimkuta anatazama ukuta na Subira bado yupo palepale, anafanya mazoezi ya kumkosa.

Picha inatosha, Baba. Picha hailiwi na mchwa. Alama mmeiona, mmepatana, Baba Mkubwa amerudi. Mambo yakiwa mazuri hivyo mtu anayaacha kama sufuria la maziwa, hakorogi tena.

Na habari za mtu wa nta mwambie Baba Mkubwa aziache. Watu wa nta walikuwa wengi. Baiskeli zilikuwa nyingi.

Gabrieli


Ipole
21 Aprili 2024

Mwanangu Gabrieli,

Nimezipata zote mbili, ya Mzee Saeed na yako. Ya kwake nimemsomea kaka yangu kwa sauti, tukalia kama watoto. Ya kwako sikuielewa vizuri. Utanifafanulia.

Yapo mawili ya kukuambia.

La kwanza si zuri. Yassin ametafuta na amepata. Mwaka ule aliyekuwa ananunua nta na kuibeba kwa baiskeli mpaka Tabora alikuwa mmoja tu huku kwetu, marehemu mume wa Mama Veneranda. Wazee wamekaa. Wamesema mwizi wa kwato hana mahali msituni. Wamempa Mama Veneranda mpaka mwisho wa mwezi ashushe mizinga yake Ugalla, arobaini na minane, naye ni mjane na hana kingine. Alikuja hapa. Alipiga magoti, akaandika mchangani kama Yassin anavyoandika: HAKUIBA. Huyu ndiye aliyekunyonyesha wiki tatu mama yako alipokuwa na homa. Nilitaka kumtetea. Lakini nitamtetea na nini? Wewe ndiye uliyesikia kwa Mzee Saeed kwamba muuzaji alikuwa mtu wa nta.

La pili ni langu. Nimelibeba muda mrefu na sasa naweza kulitua. Unakumbuka msimu ule wa asali tulikuwa kambini Ugalla, wewe na mimi. Siku Subira alipopotea ulirudi kambini umelowa mpaka nywele, husemi, wewe ambaye hata usingizini unasema. Nilikudhania wewe, mwanangu. Nilidhani umemchukua ukamficha au ukampoteza. Ndiyo maana Yassin aliponitukana sikumjibu. Nilisema moyoni, mtoto ana miaka kumi na saba, akiitwa mwizi wa bunduki ya ukoo hataishi hapa. Mimi ni mzee, nitaishi na lolote.

Kumbe nilikudhulumu moyoni mwangu miaka ishirini na sita. Nimekutazama ukiondoka nikafikiri unakimbia. Nisamehe.

Baba yako,
Elikana


Maskati
26 Aprili 2024

Baba,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya soko la Sib, namsubiri mzee anunue samaki. Alirudi akakuta nimelalia usukani. Akasema, "Umefiwa?" Nikamwambia hapana, nimepata msamaha nisioustahili. Akafunga mlango, akaweka samaki miguuni, akasema, "Basi sema." Nikasema. Nilimwambia yeye kabla yako kwa sababu alikuwa karibu, na kwa sababu mimi ni mwoga, nilitaka kujaribu kwa mtu mmoja kwanza.

Sasa nakuambia wewe. Msomee Baba Mkubwa, na wazee, na umsomee Mama Veneranda wa kwanza kabla ya wote, leo hii, hata kama mvua inanyesha.

Mtu wa nta mwenye baiskeli hakuwepo. Mzee Saeed hajawahi kumtaja mtu wa namna hiyo. Nilimweka kwenye barua kwa sababu nilipofika pale niliona hadithi imekaa kavu, ikataka mtu na baiskeli. Sikumfikiria mume wa Mama Veneranda hata sekunde moja. Ndivyo ninavyofanya siku zote, natia chumvi, na chumvi haijawahi kumwua mtu. Mizinga yake isishushwe. Kama imeshashushwa, ipandisheni kwa mikono yenu, na mshahara wangu wote wa mwezi huu ni wa kamba na vibarua.

Kwato ile niliichoma mimi. Niliuweka msumari kwenye moto wa jiko la gesi mpaka ukawa mwekundu, watu wamelala, nikachora nusu mwezi mbili kwenye kitako cha watu, nikapaka kahawa ili paonekane pazee. Ubani ulikuwa wa kuficha moshi. Bunduki iliyofika hapa bila jeraha tangu enzi za mababu, nimeitia jeraha mimi mtunzaji wake. Nilijua maana yake. Mzee alinifundisha kabla ya kunifundisha kitu kingine chochote.

Na Subira nilimpoteza mimi. Ulidhani sawasawa. Nilimchukua bila ruhusa kwenda kuwaonyesha vijana wa kambi ya ng'ambo. Nilikuwa nimewaambia kwetu kuna bunduki ya fedha, na wao wakacheka. Nilivuka Ugalla pale penye miamba nimemwinua juu ya kichwa kama mwanajeshi, nikateleza, nikafungua mikono. Nilipiga mbizi mpaka nikatapika maji. Kila nikifumba macho mle majlisi namwona amelala chini kule, samaki wanamchungulia. Hiyo ndoto niliyokuandikia ndiyo sehemu pekee ya barua ile iliyokuwa kweli, nayo nikasema ni kiyoyozi.

Nilipoondoka nilikuwa nakimbia. Uliona sawa na hapo pia.

Sikufanya haya kwa ubaya, lakini sitaki kujitetea. Restituta aliniambia mwezi wa kwanza kwamba Baba Mkubwa anaumwa. Nikafikiri, watakufa hawa wawili wakitazamana kupitia ua, na mimi ndiye ua. Kusema kweli kulikuwa rahisi kama kufungua mdomo, na mimi mdomo wangu hufunguka kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nikatafuta njia ya kukusafisha bila mimi kuchafuka. Nikaishia kumchafua mama wa watu.

Nilipomaliza kumwambia Mzee Saeed, aliniashiria niwashe gari, tukarudi nyumbani. Akaingia majlisi, akaishusha ile gumegume, akakipitisha kidole chake juu ya kwato kwa muda mrefu sana, kama kipofu anayesoma. Nikasubiri anifukuze. Akaniuliza, "Huo mto, kiangazi unakauka?" Nikamwambia unabaki na mabwawa mabwawa. Akasema, "Basi labda atakuja kuonekana," akaenda kulala. Hiyo ilikuwa juzi. Hajaniita tena, na mimi sijampangusia hata moja. Nimekaa chumbani kwangu na sanduku limefungwa, nasubiri jina langu liitwe.

Sijui Baba Mkubwa atafanya nini. Anaweza kuurudisha mkeka wake kwake, na itakuwa haki yake. Ila akiurudisha, awe ananikasirikia mimi, si wewe. Mwandikie mchangani kwa herufi kubwa: ELIKANA HAKUUZA. Hilo peke yake katika barua zangu zote halihitaji kufutwa.

Usiniombe msamaha tena, Baba. Mimi sikupata bahati yoyote Maskati. Bunduki ya babu sikuiona. Nilikudanganya.

Gabrieli